Fundi Kicheko na Kiti Kitupu

Siku ya mazishi ya mama yake, Fundi Kicheko alicheka. Hakutabasamu kwa huzuni kama watu wanavyofanya wakikumbuka jambo zuri la marehemu. Aliangua kicheko cha kujishika tumbo, cha machozi na kukosa pumzi, mpaka shangazi mmoja akamfunika mtandio kichwani na kumswaga nyuma ya nyumba kama kuku aliyeingia sebuleni. Alicheka pia siku mume alipofungasha nguo zake na kuondoka. Alicheka siku ile sindano ya kushonea makochi, ile ndefu iliyopinda kama mwezi mchanga, ilipomwingia kiganjani na kutokea upande wa pili. Daktari aliyeichomoa alimuuliza kwa upole kama amekunywa kitu.

Watu wa mtaani ndio waliompa jina hilo, naye hakulikataa. Alilipaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana yake: FUNDI KICHEKO, MAKOCHI YA AINA ZOTE. Wateja walilipenda. Nani asingependa kupeleka kochi lake bovu mahali penye furaha? Hakuna aliyejua kwamba mwanamke huyu akicheka sana ndipo anapoumia sana. Kwa miaka mingi hata yeye mwenyewe hakujua.

Karakana aliiendesha pamoja na mdogo wake, kitinda mimba wao, ambaye kila mtu alimwita Misumari. Alikuwa anajaza misumari midogo mdomoni, konzi nzima, kisha anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, kichwa kikiwa mbele, nyundo yake ya sumaku inaidaka na kuigonga kwenye mbao kabla hujapepesa macho. Kwa ajili hiyo alikuwa mtu wa maneno machache. "Mm" ilikuwa ndiyo. "Mm-mm" ilikuwa hapana. "Mmmmh," ndefu, ya kushuka mwishoni, ilikuwa "dada, hicho kitambaa umekikata kinyume." Kicheko aliongea kwa ajili ya wote wawili. Alimlea tangu hajaota hata unywele mmoja kidevuni, alimfundisha kufunga springi na kukata sponji, na walikuwa wamezoeana kiasi kwamba mmoja akinyoosha mkono bila kutazama, mwenzake anaweka mkasi.

Asubuhi moja Misumari aliitema misumari yote kwenye kiganja. Kicheko akaweka mkasi chini. Kwa mdogo wake, kutoa misumari mdomoni kabla ya chakula cha mchana ilikuwa sawa na mtu mwingine kuitisha mkutano.

"Dada," akasema. "Mke wangu amepata kazi. Hospitali kubwa, ila ni mbali. Tunahama mwisho wa mwezi. Na mimi nimepata nafasi huko huko, kwenye kiwanda cha makochi."

Kicheko akafungua kinywa amwambie jambo. Kilichotoka ni kicheko. Alicheka, akajaribu kujizuia, akazidi. Alirudi nyuma akakalia rundo la sponji, sponji likamrusha, akaangukia pembeni miguu juu, na kule chini alikoangukia akaendelea kucheka.

Misumari alisimama akimtazama.

"Kumbe unafurahi," akasema.

Akarudisha misumari mdomoni. Tangu siku ile hakumwambia dada yake neno. Hata "mm" akamnyima.

Hilo ndilo lililomkosesha Kicheko usingizi. Kuhama alikuelewa. Mtu humfuata mkewe, na shemeji yake alikuwa muuguzi hodari aliyestahili hospitali kubwa. Kilichomchoma ni kwamba mwezi ungeisha, mdogo wake angepanda gari na mabegi yake, na angekwenda kuishi maisha yake yote yaliyobaki akiamini kwamba dada aliyemlea alishangilia kuondoka kwake. Mara tatu alimwita nyuma ya karakana amweleze. Mara zote tatu alicheka kabla ya neno la kwanza.

"Nenda kwa yule mshauri," shoga yake, muuza vitambaa wa mtaa wa pili, akamwambia. "Yule wa ghorofani, juu ya duka la dawa."

"Mimi sina wazimu."

"Nani kakwambia una wazimu? Una mdomo usiosikilizana na moyo. Binamu yangu alikuwa haingii kwenye lifti, anatetemeka kama amemwagiwa maji. Akaenda pale. Sasa anapanda na kushuka siku nzima, mpaka tunamwambia shuka basi, wenzako nao wanataka kupanda."

"Alipewa dawa gani?"

"Hakuna dawa. Mnaongea."

"Kuongea tu? Si naongea na wewe bure hapa?"

"Mimi sikusikilizi, shoga. Mimi nasubiri umalize nikuuzie kitambaa."

Basi Kicheko akaenda. Kwa kweli alikuwa na hamu kidogo, hamu ya kikazi. Aliwahi kusikia kwamba kwa washauri wa namna hiyo mgonjwa hulazwa kwenye kochi, na njia nzima alikuwa akilifikiria: ni la ngozi au la kitambaa? Lina mito ya kutoka au ya kushonewa? Alipofungua mlango alikuta chumba chenye dirisha moja, zulia la kijivu na viti vitatu vya mbao vyenye mito ya bluu.

"Kochi liko wapi?" akauliza hata kabla ya salamu.

Mshauri alikuwa mwanamume wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. "Hapa hatulali, fundi," akasema. "Tunakaa tunatazamana. Karibu."

Akamweleza kazi yenyewe ilivyo. Watakutana mara moja kwa wiki, kwa muda usiofika saa nzima. Yatakayosemwa mle ndani yatabaki mle ndani. Yeye hatamtungia sheria za maisha, wala hatamwambia afanye hili aache lile. Hatachimbua utoto wake kama mtu anayechimba kisima, ingawa utoto ukija wenyewe utapewa kiti. Atakachomuuliza zaidi ni kinachotokea sasa hivi, hapa, katika mwili wake na katika maneno yake. Mara nyingine atampa jaribio la kufanya, na Kicheko ana ruhusa ya kukataa jaribio lolote bila kutoa sababu. Tiba hiyo, akasema, ina jina la Kijerumani lenye maana ya umbo zima, kwa sababu inamtazama mtu akiwa mzima, pamoja na vile vipande alivyovisukumia nyuma ya mlango.

"Sawa," akasema Kicheko. "Basi niondolee kicheko."

"Kimefanya nini?"

Akamsimulia yote: mazishi, mume, sindano, sponji, Misumari. Alisimulia vizuri mno, kwa mikono na sauti za watu, na mwisho akauliza, "Lakini si kawaida, mshauri? Mtu akiambiwa jambo zito anacheka."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

"Jaribu kusema 'mimi'."

"Mimi..." akaanza Kicheko. Neno dogo namna ile, analolitumia kila siku kuagizia chai, likamgomea. "Mimi nikiambiwa jambo zito nacheka." Akacheka.

"Kimeanzia wapi hicho?" mshauri akauliza haraka, kama mtu aliyeona panya akipita.

"Nini?"

"Kicheko. Sasa hivi. Kimeanzia wapi mwilini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali la kijinga namna ile. Kicheko akajikuta anajipapasa kama anayetafuta funguo. Tumbo? Hapana. Koo? Hapana. "Hapa," akasema mwishowe kwa mshangao, akigusa chini ya mbavu, upande wa kushoto. "Panakaza. Kama springi iliyofungwa kwa nguvu. Halafu kamba inakatika."

"Na kabla kamba haijakatika, pakoje?"

Kicheko akapabonyeza tena. Nje mtu alikuwa akipiga honi. "Panauma," akasema.

Mshauri hakusema pole. Wakakaa hivyo wawili, na Kicheko akaona jambo la ajabu: maumivu yalikuwa pale, yeye alikuwa pale, na hakuna aliyekufa.

Ndipo mshauri alipokivuta kile kiti cha tatu na kukiweka mbele yake. "Ukitaka," akasema, "mkalishe mdogo wako hapa. Mwambie unachotaka kumwambia. Mwambie kama yupo."

"Kwenye kiti kitupu?"

"Kwenye kiti kitupu."

Kicheko akakitazama kiti. Kisha, kabla ya kujua anafanya nini, alikuwa ameshainuka, amekipindua miguu juu, na anapitisha vidole kwenye maungio. Alikitikisa. Alibonyeza mto, akavuta uzi wa pindo, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Alitafuta kasoro kwa moyo wote. Haikuwepo. Kilikuwa kiti kizima, kilichotengenezwa na mtu anayejua kazi yake, na hakikumhitaji fundi kwa lolote.

"Mikono yako inafanya nini?" mshauri akauliza.

"Inakagua."

"Ipe sauti. Kama mikono ingeweza kusema, ingesemaje?"

"Mikono haisemi, mshauri." Lakini ilikuwa bado imekishika kiti, imekishika kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Ingesema... sisi ni mikono ya fundi. Kitu kikiharibika tunatengeneza. Sasa hapa hakuna kilichoharibika. Mdogo wetu hajaharibika. Mkewe hajaharibika. Anaondoka tu. Na sisi hatujui..." Sauti ikapungua. "Hatujui la kufanya na kitu kisichotengenezeka."

Akakisimamisha kiti, akakiweka sawa juu ya zulia, na kwa sauti ndogo ambayo mtaa mzima usingeamini ni yake, akakiambia: "Usiende."

Jioni ile alilala kama gunia, na mshauri alikuwa amemwonya kwamba huenda akachoka.

Kilichofuata ni kosa ambalo ni fundi wa makochi tu anayeweza kulifanya. Mtu mwingine ana viti vinne nyumbani, akishaviambia ya moyoni amemaliza. Kicheko alikuwa na karakana nzima. Akaamini kwamba amegundua siri ya tiba: ni kiti! Basi kila Misumari alipotoka kununua gundi, dada yake alichagua kiti na kukiambia. Alianza na vigoda. Akapanda hadi viti vya kulia chakula. Akafika kwenye viti vya kuegemea, ambavyo vilionekana vina roho nzito zaidi. Alikuwa anazidi kuwa hodari. Hakucheka hata kidogo.

Siku moja alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, la kitambaa cha kijani, kazi nzuri kuliko zote walizofanya mwaka ule. Alikuwa amelishika mkono wa pembeni kwa mikono yote miwili. "Tangu ukiwa mdogo nimekubeba," alikuwa anasema. "Usiku silali. Nakupenda, unanisikia? Usiniache."

Nyuma yake mtu akakohoa.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye kochi. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani, macho yamemtoka.

"Fundi," akasema kwa uangalifu mkubwa. "Hilo kochi ni langu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nataka kulipeleka nyumbani."

"Utalipeleka, mwalimu! Alhamisi tunakuletea!"

"Kama mna... mazoea, ningeambiwa mapema."

Kicheko alicheka mpaka ikabidi aegemee ukuta, na safari hii kilikuwa kicheko kitupu, hakuna kilichouma mahali popote. Alipogundua tofauti hiyo akacheka tena kwa furaha ya kuigundua. Mwalimu aliondoka kwa mwendo wa kurudi nyuma.

"Nimefaulu," alimwambia mshauri wiki hiyo, hata hajakaa vizuri. "Naviambia viti vyote bila kucheka. Vyote! Niulize chochote."

"Na mdogo wako?"

"Yeye bado."

"Kwa nini?"

"Yeye ana macho, mshauri."

Safari hii ni mshauri aliyecheka. Alicheka kwa sauti, akafuta macho, akaomba radhi. Kisha akasema, "Fundi, kiti ni cha kufanyia mazoezi ya kujisikia. Kiti hakitaondoka mwisho wa mwezi."

"Lakini nikimwambia yeye nitacheka."

"Huenda ukacheka."

"Sasa wewe kazi yako ni nini? Nilikuja uking'oe, kama jino."

"Siking'oi. Kimekubeba siku ambazo hakuna mtu mwingine aliyekubeba. Nataka tu ujue wakati unacheka kwamba unacheka, na ujue kuna nini chini yake. Hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja. Jaribu uone."

Kicheko alitoka pale amenuna. Alitaka arudi nyumbani akiwa amepona, kumbe ameambiwa arudi akiwa yeye.

Alhamisi ikafika, na keshokutwa yake ndiyo ilikuwa siku ya Misumari kusafiri. Kazi ya mwisho waliyobaki nayo pamoja ilikuwa kulipeleka lile kochi la kijani kwa mwalimu, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, ngazi nyembamba zenye kona kali. Mafundi wa makochi wana sheria moja juu ya ngazi, na sheria hiyo haina mjadala: mkishabeba, hakuna kucheka. Mtu akicheka, nguvu zote humtoka mikononi, na uzito wote humwangukia aliye chini. Kicheko alikuwa amewahi kumfukuza mpagazi kwa kosa hilo.

Dada akashika upande wa juu, akipanda kinyumenyume. Mdogo akashika upande wa chini. Ghorofa ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, ila pumzi. Kicheko alimwona mdogo wake ng'ambo ya mgongo wa kochi, kipaji cha uso kinang'aa jasho, macho yakitazama ukuta ili yasimtazame yeye. Akajua hapana siku nyingine. Akatafuta neno la kuanzia, na kwa kuwa wiki zile zote alikuwa ameulizwa jambo moja tu, likamtoka hilo hilo.

"Unajisikiaje sasa hivi?"

Misumari akageuza macho. Baada ya wiki zote zile, akafungua kinywa.

"Najisikia mzito," akasema.

Springi ikakaza chini ya mbavu.

"Dada, usicheke."

"Sicheki!"

"Dada, shika!"

"Nimeshika!"

"Unacheka!"

"Nacheka!" Kicheko akapiga ukelele, kamba ikakatika, mikono ikawa uji. Kochi likashuka hatua moja, likapinda kwenye kona, na kwa sauti ya kizibo kinachoingia chupani likabana kati ya ukuta na chuma cha ngazi. Halikwenda juu wala chini. Yeye alikuwa juu yake, Misumari chini, na kati yao watu watatu wa kijani wasiokuwepo.

"Mwalimu atatuua," akasema Misumari.

"Nisikilize." Alikuwa bado anacheka, machozi yanamtiririka, na hakujaribu kuyazuia. "Nacheka, unanisikia? Na hapa chini ya mbavu panauma. Vyote viwili, sasa hivi. Panauma tangu siku ile uliponiambia. Mimi sikufurahi, mdogo wangu. Sijafurahi hata kidogo. Sitaki uende."

Misumari akainua uso juu ya mgongo wa kochi. "Sema tena," akasema.

"SITAKI UENDE!"

Ngazi zote zikaitikia. Ghorofa ya chini mlango ukafunguliwa, na sauti ya mwanamke ikauliza, "Nani anakwenda?"

"Mdogo wangu!"

"Wapi?"

"Mbali!"

"Poleni!" Mlango ukafungwa.

Hapo Misumari naye akaangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho dada yake hakuwahi kukisikia, maana siku zote kulikuwa na chuma mdomoni. Akaegemea kochi, mabega yakimtikisika, na baada ya muda Kicheko akaona kwamba mabega yanatikisika kwa namna nyingine.

"Nilidhani umenichoka," akasema kutoka kule chini. "Nilisema moyoni, miaka yote hii namjibu 'mm', sasa anapumua."

"Nikuchoke wewe?"

"Ulianguka kwenye sponji kwa furaha!"

"Nilianguka kwa sababu sikuwa na miguu!"

"Nitakwenda lakini, dada. Mke wangu anasubiriwa kazini."

"Najua. Nenda. Nenda huku ukijua."

Misumari akalitazama kochi, kazi yao nzuri kuliko zote. Kisha akaweka mguu juu ya mkono wake wa pembeni, na kiatu chake chenye gundi na vumbi, akapanda, akatembea juu ya mito ile ya kijani iliyoinama kama mteremko, akaangukia upande wa pili mikononi mwa dada yake.

"Viatu!" Mwalimu alikuwa ametokea ghorofani juu, ameinama kwenye chuma, mikono kichwani. "Viatu juu ya kochi langu! Fundi! Mnafanya nini huko?"

"Tunakuja, mwalimu," akajibu Misumari, uso wake ukiwa begani kwa dada. "Tupe dakika chache. Tunaagana."